Sufuria ya Mtu Mmoja

Kijana aliyekulia kituoni anajua kusonga ugali wa watu sitini. Anashika mwiko mrefu kama kasia, anaugeuza ugali kwenye sufuria kubwa iliyokaa juu ya mafiga, wala jasho halimtoki. Sasa mkabidhi kisufuria kidogo, unga wa robo kilo na jiko la mkaa la kwake mwenyewe. Mpangaji wangu wa kwanza wa aina hiyo, siku aliyohamia, alipika ugali ambao ungewatosha wapangaji wote wa uani. Alikula alivyoweza, uliobaki akaula kiporo asubuhi na mchana, jioni akapika vilevile. Unga uliopaswa kumfikisha Jumapili uliisha Jumatano. Hakuwa mlafi wala mzembe. Tangu apate akili, hakuna aliyewahi kumwonyesha chakula cha mtu mmoja kikoje.

Haya nayasema kwa sababu nimeyaona pande zote mbili. Kwa miaka mingi nilikuwa mlezi kwenye makao ya watoto hapa hapa Mwanza. Watoto waliniita mama, na wapo wenye ndevu zao ambao hadi leo wakinikuta sokoni Mlango Mmoja wananiita hivyo mbele za watu. Nilipostaafu nilirudi kwenye nyumba yangu Mabatini, huku juu kwenye mawe, ambako bodaboda inakushusha chini na kilichobaki ni ngazi na magoti yako. Uani nina vyumba vya kupangisha. Kodi ya huku juu ni nafuu kuliko kule chini karibu na Barabara ya Nyerere, maana hata ndoo ya maji tunapanda nayo, ndiyo sababu vijana wasio na kitu huanzia maisha huku. Baadhi yao wametoka vituoni. Wengine niliwalea mwenyewe, wengine wameletwa na wenzao.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011, na umri ni huohuo. Makao ya watoto, ambayo mtaani tunayaita vituo, yako chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na mtoto anapaswa kupelekwa huko kupitia afisa ustawi wa jamii au mahakama. Kuingia kuna karatasi nyingi. Kutoka, mara nyingi, kuna begi, godoro na sala.

Siku yenyewe ya kutoka kwa kawaida huangukia baada ya mtihani wa kidato cha nne, mwezi Novemba. Matokeo yakitoka, huyu anaendelea kidato cha tano, yule anakwenda VETA pale Nyakato, mwingine hana anakokwenda, na kitanda chake kinasubiriwa na mtoto mdogo aliyeokotwa stendi. Msimamizi naye amebanwa. Simlaumu sana.

Ninapogombana na watu ni pale tunapomwambia kijana huyu kwamba sasa ni mtu mzima, akajitegemee. Tazama nyumba za Mabatini. Mtoto wa jirani yangu ana miaka 24. Anapakia samaki Mwaloni Kirumba, analala chumba kilekile alichokulia, anakula kwa mama yake, akikwama anampigia simu mjomba yake Magu. Mwaka juzi alijaribu biashara ya mitumba, mtaji ukakata, akarudi kwenye sahani ya mama bila hata kuomba radhi. Hakuna anayemcheka, na hakuna haja ya kumcheka. Ila yule asiye na mama, mjomba wala shamba, huyo ndiye tunayetaka asimame peke yake siku ya kutimiza miaka 18. Tunamdai mtoto wa kituo kitu ambacho wa kwetu hatujawahi kumdai.

Kwa hiyo ukiniuliza kumwandaa kijana kutoka kituoni ni nini, sitaanza na cherehani wala kompyuta. Ufundi ni muhimu, na vituo vingi vinaujua huo. Nitaanza na namna ya kuishi katikati ya watu ambao hawakuajiriwa kukuangalia.

Chukua kandambili. Kituoni, kandambili ni za aliyewahi kuamka. Kijana mmoja aliyepanga kwangu, fundi pikipiki, mwezi wake wa kwanza alivaa kandambili za mpangaji mwenzake kwenda chooni, kisha akaenda nazo mpaka dukani. Ikawa kesi. Mwenye kandambili anauza mboga, na mdomo anao: leo kandambili, kesho redio! Kijana akasimama katikati ya uani, haelewi kosa lake liko wapi. Nilimwita pembeni.

"Mwanangu, huku kila kitu kina mwenyewe. Ukitaka, omba."

"Hata kama hazivaliwi, mama?"

"Hata kama hazivaliwi."

Kijana huyohuyo alikuwa anaacha mlango wazi anapokwenda kazini. Hajawahi kumiliki ufunguo. Simu yake ya kwanza iliondoka hivyo, na safari hii mwizi alikuwa mwizi kweli.

Halafu ikaja siku ya msiba. Mzee wa nyumba ya tatu alifariki, turubai likafungwa njiani, mtaa mzima ukahamia hapo. Fundi wangu akajifungia ndani. Mimi nilijua anaona aibu, hajui aingie vipi, aseme nini. Majirani walisema ana kiburi. Kituoni watoto hutangaziwa kifo ukumbini, wanasali, wanarudi darasani. Mambo ya kuchangia, kukesha na kuchota maji ya wafiwa hufanywa na wakubwa, mbali na macho yao. Nilimpa shilingi elfu mbili za kuweka kwenye daftari la rambirambi, nikamwambia akakae na wanaume, abebe viti, amwamkie mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Msibani hutakiwi pesa nyingi, unatakiwa uonekane. Alipougua malaria mwezi uliofuata, waliomteremsha ngazi hizi hadi kwenye bajaji ni wale aliobeba nao viti.

Somo hilo sijaliona kwenye ratiba ya kituo chochote, na si gumu kulifundisha. Mtaa unaozunguka kituo una misiba, harusi na siku za usafi kama mitaa mingine. Kijana wa miaka 15 anaweza kutumwa huko na mlezi wake mara moja, mara mbili, mpaka azoee. Ukuta wa kituo huzuia wabaya kuingia, lakini huzuia na mambo haya.

Pesa nayo ni hadithi ndefu. Umeme wa kituoni hauishi. Ukikatika, umekatika kwa wote, na wakubwa watajua la kufanya. Binti mmoja aliyepanga kwangu alikuja kunigongea usiku: "Mama, umeme umekatika." Nje kote kuliwaka taa. Ilikuwa LUKU yake imekwisha, na hakujua kwamba pasi aliyoisahau ikiwaka mchana ndiyo iliyoila. Hakujua fungu la dagaa ni shilingi ngapi, wala kwamba mkaa wa kopo unaonekana rahisi lakini ukiujumlisha kwa mwezi unapita bei ya gunia ulilogawana na mwenzio. Siwezi kuweka bei zote hapa kwa kuwa zitabadilika kabla gazeti halijachapwa. Ila kodi yangu ni 35,000 kwa mwezi, na wenye nyumba wengi mjini wanataka miezi mitatu au sita mkononi kabla hawajatoa ufunguo. Piga hesabu ya miezi sita, uniambie kijana aliyetoka kituoni jana ataitoa wapi.

Nilipokuwa kazini nilipigania jambo dogo: kila mtoto aliyefikisha miaka 14 apewe pesa yake ya wiki ya sabuni, mafuta na kalamu, aende dukani mwenyewe. Akinunua soda Jumatatu na sabuni ikaisha Jumanne, afue kwa maji matupu mpaka Jumamosi. Wafadhili waliotembelea waliona ni ukatili. Mimi naona afadhali uishiwe sabuni ukiwa na miaka 14 mahali ambapo chakula cha jioni kipo, kuliko uishiwe kodi ukiwa na 18 mahali ambapo hakipo. Hasa msichana. Msichana aliyekosa kodi hakosi mwanaume wa kumlipia, na tunajua wote malipo hayo yanarudishwaje. Nimewaona wazuri, wenye akili, wakitoka chumba changu kwenda chumba cha mtu, na mwaka uliofuata wakipanda ngazi hizi na mtoto mgongoni.

Sasa karatasi. Hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapokwama, na kukwama kwenyewe hakuonekani kwa macho.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mtoto kinasema mtoto ana haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi wake wa damu na ukoo wake. Katika maisha ya kawaida haki hiyo inaitwa cheti cha kuzaliwa. Bila cheti, namba ya NIDA inakuwa shida, maana fomu inauliza wazazi ni nani, wamezaliwa wapi, wewe ulisoma wapi, unakaa mtaa gani. Bila namba ya NIDA hakuna laini ya simu kwa jina lako, maana tangu usajili wa alama za vidole uanze, laini inafuata kitambulisho. Bila laini hakuna M-Pesa wala Airtel Money, na mjini hapa asiye na pesa ya simu halipwi kazi ya kibarua, hatumiwi, hawezi hata kununua umeme saa tatu usiku. Fundi wangu alitumia laini ya rafiki yake kwa muda mrefu. Siku rafiki alipokasirika, akiba yote ilikuwa kwenye simu ya fundi lakini kwa jina la rafiki.

Mtoto aliyeokotwa stendi akiwa na miaka minne anaweza kujua jina la mama yake tu, tena lile la kuitwa nyumbani. Mwingine amepewa ubini wa mwenye kituo. Kumtengenezea cheti mtoto huyo akiwa na miaka sita kuna usumbufu wake, lakini kunawezekana: afisa ustawi anaandika, faili lipo, aliyempokea yupo, anakumbuka. Unakwenda ofisi ya mkuu wa wilaya, ambako RITA hufanyia usajili. Ukingoja mpaka ana miaka 18, mlezi aliyempokea amehama, faili limeliwa na mchwa au mvua, na usajili wa kuchelewa zaidi ya miaka 10 una masharti marefu zaidi: utaulizwa cheti cha darasa la saba, cha ubatizo, kadi ya kliniki, ushahidi huu na ule. Kijana mwenyewe ndiye anayezungushwa sasa, peke yake, akiomba ruhusa kwa bosi wa gereji.

Na wanaofaulu vizuri hawajapona. Serikali iliondoa ada za sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaongeza cha tano na cha sita, kwa hiyo mtoto wa kituo anaweza kufika mlango wa chuo kikuu. Akifika anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, na yatima wanaangaliwa kwa upendeleo, ila uyatima unathibitishwa kwa vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa. Mtoto ambaye hajui baba yake alizikwa wapi atapata wapi cheti cha kifo chake? Kazi ya kulitafuta jibu hilo ni ya kituo na ustawi wa jamii, na ifanyike akiwa bado kidato cha pili.

Mwanza ni mji uliozoea kupokea watoto. UKIMWI uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983 huko jirani, Kagera, na kanda yote ya ziwa ikabaki na nyumba za bibi na wajukuu. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, karibu na bandari yetu, mamia ya watu walikufa, na watoto wao walibaki. Watoto wa mtaani waliongezeka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaanzishwa shirika la Kuleana hapa Mwanza, Rakesh Rajani akiwa mmoja wa waanzilishi, likaanza kusema kwa sauti kwamba mtoto wa mtaani ana haki sawa na mwingine. Baadaye vituo vikaongezeka. Sifa hiyo ya kupokea tunaistahili. Kuaga ndiko hatujajifunza.

Si sisi peke yetu. Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya malezi mbadala mwaka 2009, na ndani yake kuna maneno ambayo ningeyabandika mlangoni pa kila kituo: maandalizi ya kutoka yaanze mapema, mtoto mwenyewe ashiriki kupanga maisha yake, na kila inapowezekana awe na mtu maalumu wa kumsaidia kuanza. Uingereza, nchi yenye pesa, nayo iliona miaka 18 haitoshi: tangu mwaka 2014 vijana walio kwa walezi wa kambo wanaweza kubaki nao mpaka miaka 21, na sheria ya mwaka 2017 ikawapa waliotoka malezini haki ya mshauri mpaka miaka 25. Jirani zetu Kenya wametangaza mpango wa miaka 10, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwenye familia, na vijana waliokulia vituoni huko wana chama chao tangu mwaka 2009. Chama! Nawaonea wivu kwa hilo kuliko sheria zote.

Kurudisha kwenye familia ndilo neno ambalo watu hawapendi kulisikia, maana tumezoea kusema "watoto yatima" kwa mkupuo. Shirika la Save the Children lilikadiria mwaka 2009 kwamba duniani watoto wasiopungua wanne kati ya watano walio vituoni wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Umaskini ndio uliowaleta. Binti wa LUKU niliyemtaja aligundua akiwa na miaka 18, siku ya kuandikiwa barua ya kuondoka, kwamba ana shangazi Igoma. Igoma! Daladala moja tu kutoka hapa, barabara ileile. Jina la shangazi lilikuwa kwenye faili lake tangu siku ya kwanza. Miaka yote hiyo alikuwa akipelekwa shule kwa gari linalopita mbele ya mlango wa ndugu yake.

Wapo ndugu wa kuogopwa, nakubali. Kuna watoto walioondolewa kwa watu hao hao kwa sababu za kutisha, na afisa ustawi ndiye anayepaswa kupima nani wa kumrudia na nani hapana. Lakini kati ya kurudi moja kwa moja na kutomjua kabisa kuna likizo. Kuna Krismasi, kuna Idi, kuna wiki moja ya kuvuna mpunga kwa babu. Mtoto anayekwenda kwa shangazi kila Juni tangu darasa la tatu, hata kama shangazi ana kelele na chakula chake ni michembe na maziwa, atakuwa na pa kukimbilia akiwa na miaka 22. Shangazi naye atakuwa amemzoea. Ukimpeleka kwa mara ya kwanza akiwa kijana mrefu mwenye begi na njaa, shangazi anaona mzigo.

Hata msaada wa serikali unapita kwa watu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Ni pesa nzuri, ila vijana hukopeshwa kwa kikundi, na kikundi ni watu wanaokuamini, wanaojua unalala wapi. Fundi wangu aliingia kwenye kikundi cha gereji baada ya mwaka na nusu. Asingekuwa na wale wa turubai la msiba, sijui nani angemwandika.

Desemba hii kituo kimoja cha hapa mjini kinaachia wawili, mvulana na msichana. Nimemwomba msimamizi asingoje Desemba. Waje sasa hivi, Ijumaa jioni hadi Jumapili, kila mmoja na chumba chake, na ufunguo wake, na pesa ya siku mbili; wapande na maji, wapike, wajulikane kwa mwenyekiti na kwa mwenye duka, kisha warudi kwenye masomo. Msichana nimeshamtafutia fundi cherehani wa kumtembelea, mama mwenye akili zake, asiye na watoto wa kiume nyumbani. Msimamizi aliniuliza bajeti ya nauli itatoka fungu gani. Nimemwambia nauli ya daladala nitatoa mimi, unga waje nao.